Kamasi Washington: maswali ambayo wapiga saksofoni wa Lubumbashi wanatuuliza mara kwa mara

Kila tukimaliza kusikiliza muziki pamoja Jumapili jioni kule mtaa wa Katuba, maswali ni yaleyale. Vijana wa fanfari, yaani bendi za matarumbeta, wanataka kujua habari za ala na pumzi. Wakubwa waliokua na Franco na Tabu Ley wanauliza kama hiyo kelele ndefu nayo ni muziki. Tumeyakusanya hapa na kuyajibu, mengine kwa kirefu, mengine kwa mistari miwili, kadiri swali lenyewe linavyostahili. Anayeandika anapiga tenori, kwa hiyo msishangae akiegemea upande.

Kamasi Washington ni nani, kwa kifupi?

Ni mpiga saksofoni ya tenori, mtunzi na kiongozi wa bendi kutoka Los Angeles, Marekani. Alizaliwa tarehe 18 Februari 1981. Jina lake lilivuka mipaka ya mji wake mwaka 2015 alipotoa The Epic, albamu ya diski tatu inayokaribia saa tatu. Alikuwa na miaka 34 wakati huo, na alishapiga kwenye bendi za watu wengine kwa zaidi ya miaka kumi. Wanaosema alitokea ghafla hawakuwa wanasoma majina yanayoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya diski.

Alikulia wapi, na nani alimfundisha?

Alikulia Inglewood, mji unaopakana na Los Angeles upande wa kusini-magharibi. Baba yake, Rickey Washington, naye anapiga saksofoni na filimbi, kwa hiyo ala zilikuwa nyumbani kabla mtoto hajajua kuzitaja. Kamasi alianza na ngoma akiwa na miaka mitatu, akaja kwenye piano, kisha klarineti.

Baada ya baba, walimfuata walimu wengi, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asikimbie. Alisoma kwenye tawi la muziki la shule ya Hamilton. Wakati huohuo aliingia katika bendi iliyokuwa ikichukua wanafunzi wa shule mbalimbali, iliyoongozwa na mwalimu Reggie Andrews wa mtaa wa Watts. Katika bendi hiyo walikutana vijana ambao leo mnayajua majina yao: yeye, mpiga besi Stephen Bruner anayeitwa Thundercat, Terrace Martin na wengine. Watoto wa shule tofauti, mitaa tofauti, chumba kimoja cha mazoezi. Mtu mmoja aliamua kuwakusanya, na nusu ya yale tunayoyaita muziki mpya wa Los Angeles ilipitia mikononi mwake. Habari za Kamasi zikiandikwa, mwalimu huyo hupewa sentensi moja, akipewa. Sisi tunaona angepewa sura nzima.

Halafu kulikuwa na Leimert Park, mtaa wenye ukumbi mdogo uitwao World Stage, ulioanzishwa mwaka 1989 na mpiga ngoma Billy Higgins pamoja na mshairi Kamau Daáood. Kijana aliweza kuingia pale akapiga na watu wazima waliokuwa wameshapiga na wakuu wa jazi. Baadaye Kamasi alisoma muziki wa tamaduni za dunia kwenye chuo kikuu cha UCLA, na huko pia alimkuta Billy Higgins akifundisha, pamoja na mpiga gita Kenny Burrell na Gerald Wilson, kiongozi wa okestra kubwa ambaye baadaye alimchukua kwenye bendi yake. Ukisikia jinsi Kamasi anavyopanga tarumbeta, tromboni na saksofoni zikipanda pamoja, huyo Gerald Wilson yumo ndani.

Ni kweli alishika saksofoni akiwa na miaka 13? Si kuchelewa?

Ni kweli. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliikuta saksofoni ya baba yake nyumbani, akaichukua, akajaribu wimbo mmoja wa mpiga saksofoni Wayne Shorter aliokuwa akiupenda, ukatoka. Miaka miwili hivi nyuma alikuwa amepewa mkanda wa mpiga ngoma wa jazi Art Blakey, na masikio yakawa yameshahamia huko.

Lakini ndugu, alichelewa saksofoni, hakuchelewa muziki. Alikuwa na miaka kumi ya ngoma, piano na klarineti. Klarineti na saksofoni zote zina ulimi wa mwanzi unaofungwa kwenye mdomo wa ala, na vidole vinakaa karibu vilevile, hasa ukipanda juu. Kijana anayetoka kwenye klarineti ya fanfari hana sababu ya kuogopa. Mwaka 1999, akiwa na miaka 18, Kamasi alishinda shindano la muziki lenye jina la John Coltrane, mpiga saksofoni mkuu wa jazi.

West Coast Get Down ni bendi yake?

Si yake. Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu likieleweka mengine yanakuwa mepesi.

West Coast Get Down ni kundi la marafiki waliojuana tangu utoto au ujana: Kamasi, ndugu wawili Ronald Bruner Jr. wa ngoma na Thundercat wa besi, Cameron Graves wa piano, Brandon Coleman wa kibodi, Miles Mosley wa besi kubwa ya kusimama, Ryan Porter wa tromboni, Tony Austin wa ngoma, na mwimbaji Patrice Quinn. Wanne kati yao, yaani Kamasi, Graves na wale Bruner wawili, walikuwa wametoa diski ya pamoja tangu mwaka 2004 kwa jina la Young Jazz Giants. Haikutikisa dunia.

Mazoezi yao yalifanyika kwenye chumba kidogo nyumbani kwa wazazi wa Kamasi, walichokiita the Shack, yaani kibanda. Tromboni, saksofoni, ngoma na kinanda vilibanana humo hadi mtu akitaka kutoka lazima mwingine asimame. Si utani: albamu ya Ryan Porter iitwayo The Optimist ilirekodiwa ndani ya kibanda hicho karibu mwaka 2008, ikatoka mwaka 2018. Miaka kumi ilikaa. Isikilizeni, halafu mtuambie kama mnasikia umaskini wa chumba.

Usiku walipiga kwenye baa moja ya Hollywood, wiki baada ya wiki, miaka kadhaa. Mchana kila mmoja alikuwa akitafuta mkate kwa kupiga kwenye bendi za wengine. Kisha, Desemba 2011, walifanya jambo ambalo kila kundi la Lubumbashi huliongelea na kuliahirisha: walikataa kazi za nje kwa mwezi mzima, wakachanga pesa, wakakodi studio, wakaingia. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwenye nyimbo anazileta, na wenzake wote wanampigia. Leo wimbo wako, kesho wangu. Walitoka na nyimbo zaidi ya mia. Kutoka kwenye mwezi huo zilizaliwa The Epic ya Kamasi, Uprising ya Miles Mosley na Triumph ya Ronald Bruner Jr., hizi mbili za mwisho zikitoka mwaka 2017.

Kwa hiyo ukiona kwenye bango "Kamasi Washington" peke yake, ujue nyuma ya jina hilo kuna watu tisa au kumi ambao naye amewapigia nyimbo zao bila bango.

Kama walirekodi 2011, mbona The Epic ilitoka 2015?

Kurekodi ndiyo iliyokuwa kazi ndogo. Kamasi alibaki na nyimbo zake zipatazo 45. Akazichuja hadi 17. Kisha akaona hazijatosha, si kwa wingi bali kwa ukubwa wa sauti, akakaa chini kuwaandikia okestra ya watu 32 na kwaya ya watu 20. Kila mstari wa fidla, kila sauti ya kwaya, aliuandika akiwa njiani na bendi za wengine. Miaka mitatu ilikwenda hivyo.

Aliyempa nafasi ni Flying Lotus, mtengenezaji wa muziki wa kompyuta mwenye lebo ya Brainfeeder. Bibi yake na Alice Coltrane, mke wa John Coltrane, walikuwa ndugu, kwa hiyo kwa hesabu yetu ya ukoo Alice naye ni bibi yake. Alimwambia Kamasi afanye albamu anayoitaka. Kamasi akampelekea saa tatu. Mwenye lebo mwingine angetafuta mkasi. Huyu alizitoa zote, tarehe 5 Mei 2015.

Kazi yake kwa Kendrick Lamar ilikuwa nini hasa?

Aliandika mipango ya fidla na kupiga saksofoni kwenye To Pimp a Butterfly, albamu ya rapa huyo iliyotoka Machi 2015. Aliyemwita ni Terrace Martin, rafiki wa tangu ile bendi ya shule. Miezi miwili baadaye The Epic ikaingia sokoni, na vijana wengi ambao hawajawahi kununua jazi walikuwa wameshaizoea sauti yake bila kujua ni ya nani.

Lakini kwa mpiga ala, hadithi yenye faida zaidi ni ya rapa Snoop Dogg. Kamasi alipoingia bendi ya Snoop alikuwa bado kijana wa chuo, na ndani ya bendi ile wamejaa wapiga jazi wenye vidole vyepesi. Walipewa vijistari vifupi, nota tatu au nne, vitu ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeviona vya kitoto. Wakapiga. Wakaambiwa bado. Kilichokuwa kinatafutwa ni mahali kamili pa kuiweka kila nota: nyuma kidogo ya ngoma, lakini si nyuma sana, na wote pamoja, kila mzunguko, bila kusogea. Kamasi amesema mara nyingi kwamba pale ndipo alipofunguliwa masikio upya. Jaribuni wenyewe kwenye fanfari: chagueni nota tatu, mzirudie dakika tano na ngoma moja tu. Mtaona nani anakimbia.

Jazi yake na ya OK Jazz ni kitu kimoja?

Papa mmoja, yaani mzee, wa Kenya, mtaa wetu wa Kenya na si nchi, aliuliza hivi kwa hasira kidogo: "Sisi tulikuwa na African Jazz na OK Jazz kabla huyo hajazaliwa. Anatufundisha nini?" Ana haki ya kuuliza.

Saksofoni haikuja kwetu na intaneti. Miaka ya 1950 Mbelgiji Fud Candrix alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akirekodi, na wapigaji wa kule walimsikiliza kwa makini. Isaac Musekiwa, aliyetoka Rhodesia ya Kusini, alipitia Élisabethville, yaani mji huu wetu, kabla ya kwenda Léopoldville na hatimaye kupiga na Franco kwenye OK Jazz. Jean Serge Essous alivuka mto kutoka Brazzaville. Mwaka 1961 Manu Dibango wa Kamerun aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele. Kisha akaja Verckys Kiamuangana Mateta, aliyejiunga na OK Jazz mwaka 1963, akaondoka mwaka 1969 kuanzisha bendi yake, Vévé. Alifariki mwaka 2022. Mkitaka kujua tenori inaweza kuzungumza kiasi gani ndani ya wimbo wa kucheza, sikilizeni Verckys kabla hamjasikiliza Mmarekani yeyote.

Tofauti iko kwenye kazi ambayo saksofoni inapewa. Kwenye rumba inamjibu mwimbaji, inaingia na wenzake wawili au watatu, ikipewa nafasi ya peke yake ni fupi, kisha gita linachukua sebene na watu wanacheza. Ikiongea sana inawakera wachezaji. Kwa Kamasi wimbo mzima umejengwa ili saksofoni ipate uwanja: ianze chini, polepole, irudie kipande kidogo, ikigeuze, ipande, hadi mwisho inalia. Dakika kumi si nyingi kwa kazi hiyo. Ni desturi ya John Coltrane na Pharoah Sanders, si ya Kabasele. Kwa hiyo tukamjibu yule papa kwamba hakuna anayemfundisha mwenzake. Ni ala ileile iliyoingia nyumba mbili. Hakuridhika. Jumapili iliyofuata alirudi.

Kwaya inatafuta nini kwenye jazi?

Swali hili linatushangaza likiulizwa Lubumbashi, mji ambao ukipita Jumamosi alasiri karibu na parokia yoyote unasikia sauti nne zinafanya mazoezi. Katanga hii ndiyo ya Joseph Kiwele, mtunzi na mpiga kinanda cha kanisa. Kamina ndiko kwaya ya Padri Guido Haazen ilikotoa Missa Luba, misa yenye nyimbo za kwetu, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kuzunguka dunia. Sisi tungekuwa wa mwisho kushangaa.

Kwa Kamasi kwaya haiimbi beti na kiitikio kila wakati. Mara nyingi haina maneno, inashika "aaa" juu ya bendi, ikifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na fidla. Wimbo wa kwanza wa The Epic unaanza na piano peke yake, halafu saksofoni na tromboni zinatoa wimbo mkuu, kisha kwaya na okestra zinapanuka nyuma yao. Wapo wanaosema ni sauti ya sinema. Kwetu ni sauti ya misa ya Pasaka, saa ile fanfari na kwaya zinapoingia pamoja na anayepiga tarumbeta amesahau kupunguza.

Anatungaje? Kuna siri?

Mfano bora ni Harmony of Difference, kazi ya karibu nusu saa iliyotungwa kwa ajili ya maonyesho ya sanaa ya Whitney Biennial huko New York mwaka 2017, na kutolewa kama diski fupi mwaka huohuo. Ina vipande sita. Vitano vya kwanza vina majina ya mambo ya moyoni na akilini: hamu, unyenyekevu, maarifa, mtazamo, uadilifu. Kila kimoja kina wimbo wake mkuu na mwendo wake. Cha kwanza ni cha polepole juu ya besi laini, cha pili kinakimbia, cha tano kina mdundo wa Kibrazili. Ukivisikiliza kimoja kimoja ni nyimbo nzuri za kawaida, basi.

Kipande cha sita, chenye jina la ukweli, kinazidi dakika 13. Humo zile nyimbo kuu tano zinarudi, lakini safari hii zinapigwa kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine. Wimbo ambao ulikuwa wa tromboni unasikika chini, mwingine umeingia kwenye fidla, mwingine kwenye kwaya, na haugombani na mwenzake. Hilo halitokei kwa bahati. Ni lazima tangu siku ya kwanza azitunge akijua zitakutana: pale wimbo mmoja unaposhika nota ndefu, mwingine ndio unaotembea, pale mmoja unapopanda, mwingine unashuka au unanyamaza. Wanaojua kuandika sauti nne za kwaya wanajua ugumu wake, na hapa ni tano.

Kwenye yale maonyesho muziki uliwekwa pamoja na filamu, na pamoja na michoro ya dada yake, Amani Washington, ambayo nayo ilikuwa mitano na mmoja unaoikusanya yote. Juni 2025, jumba la makumbusho ya sanaa la LACMA huko Los Angeles lilipokamilisha jengo lake jipya, Kamasi aliipiga kazi hii humo na wanamuziki zaidi ya mia, wamesambazwa vyumba kwa vyumba, msikilizaji akitembea kutoka kundi moja hadi jingine.

Ni kweli kuna diski iliyofichwa ndani ya Heaven and Earth?

Ndiyo. Albamu hiyo ya mwaka 2018 ina pande mbili: Dunia, yaani mambo anavyoyaona nje, na Mbingu, anavyoyaona ndani yake. Waliokata karatasi ya kasha waliikuta diski ya tatu, The Choice. Waliotunza kasha lao vizuri walikosa.

Anatunga muziki wa filamu pia?

Anatunga. Alitunga muziki wa Becoming, filamu ya mwaka 2020 inayomhusu Michelle Obama, ukateuliwa kuwania tuzo za Grammy na Emmy. Mwaka 2025 alikuwa miongoni mwa watunzi wa Lazarus, katuni ya Kijapani ya Shinichirō Watanabe. Kwa vijana wengi hapa katuni hiyo ndiyo iliyowaleta kwake, na sisi hatuna kinyongo.

Fearless Movement inachezeka?

Ni albamu yake iliyotoka Mei 2024, na yeye mwenyewe aliiita albamu ya kucheza, akiongeza kwamba maana yake ni mwili kuitikia muziki kwa namna yoyote, si lazima iwe ya ukumbini. Mtu wa mtaa wa Kamalondo akiiweka kwenye sherehe ya arusi atazomewa. Hata hivyo ina mdundo ulio karibu na ardhi kuliko zile za nyuma, na wageni ni wengi: mkongwe wa fanki George Clinton, Thundercat, na rapa André 3000 ambaye hapa harapu, anapiga filimbi. Albamu inafunguliwa na sala kwa Kige'ez, lugha ya ibada ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia.

Wimbo mmoja una jina la binti yake, Asha, aliyekuwa akigongagonga piano akiwa bado mdogo kabisa. Siku moja aliurudia mlio uleule mara kwa mara, baba akaona kule si kugonga tu, ni wimbo. Akaujengea wimbo mzima.

Wanaomkosoa wanasemaje?

Wanasema mambo mawili. Kwanza, ni mrefu mno. Pili, kwamba mapigo yake ya peke yake hutegemea nguvu na kupanda juu kuliko ujuzi wa hamonia, yaani jinsi nota zinavyopangwa pamoja, na kwamba kwaya na fidla zinafunika pale ambapo mawazo yamepungua.

La kwanza tunalikubali nusu. Diski ya pili ya The Epic ina mahali ambapo hata sisi tunainuka kwenda kununua maji. La pili si la kupuuza, kwani ukimweka karibu na wapiga tenori wenzake Mark Turner au Chris Potter, wao wanapita kwenye njia nyembamba zaidi za hamonia. Lakini yeye hakatai nguvu, anaitafuta. Ukimsikiliza kwa makini utaona anavyochukua kipande cha nota nne na kukirudia huku akisogeza mkazo, mara juu ya pigo, mara baada yake. Ni ujuzi wa mdundo. Masikio yaliyolelewa na sebene yanapaswa kuwa ya kwanza kuusikia.

Yale mavazi marefu ana maana gani nayo?

Anavaa kanzu na dashiki kwa sababu anazipenda na zinampendeza. Swali hili huulizwa kuliko lile la hamonia. Tuendelee.

Mega ni chache na umeme unakatika. Nianze na nini?

Usianze na The Epic. Anza na Truth, kile kipande cha sita tulichokieleza, dakika 13 na kidogo. Ukikipenda, rudi kwenye vile vitano vinavyokitangulia, kisha usikilize cha sita tena. Utasikia kitu tofauti kabisa. Pakua usiku wakati bei ya mega imeshuka, na usikilize kwa visikilizi vya masikioni, si kwa spika ya simu, maana spika ya simu inaiua besi na besi ndiyo inayoshika kila kitu.

Baada ya hapo chukua kutoka The Epic wimbo wa kwanza, na ule ulioimbwa na Patrice Quinn kwa heshima ya bibi yake Kamasi, Henrietta. Mama mmoja wa kwaya aliusikia mara moja akauomba kwa Bluetooth palepale. Saa tatu nzima ziache kwa siku ya mvua.

Mimi napiga kwenye fanfari. Naweza kuiga nini kwake?

Sauti kwanza. Tenori yake ni pana, inajaa chini. Hiyo haitokani na bei ya ala. Inatokana na nota ndefu: shika nota moja ya chini, ianze kwa upole kabisa, ikue, ipungue, bila kutetemeka, kadiri pumzi inavyoruhusu. Fanya hivyo kila siku kabla ya wimbo wowote. Wapigaji wa fanfari ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wanaotembea kilomita nyingi wakipuliza wana pumzi tayari. Wanachokosa wengi wao ni kupiga polepole na kwa upole, kwa sababu barabarani haitakiwi.

Ulimi wa mwanzi uliopasuka ncha utupe, hata kama ndio wa mwisho, kwa maana utakufundisha kubana mdomo na mdomo uliobanwa hautoi sauti hiyo kamwe. Nunueni pamoja kasha zima mgawane.

Karatasi za nota zake nitazipata wapi?

Usizisubiri. Zitoe kwa sikio, kama wazee walivyozitoa za Verckys. Chukua vipimo vinne tu, viimbe kwanza kwa mdomo hadi uvijue, ndipo ushike ala. Kuna programu za simu zinazopunguza mwendo bila kubadilisha kimo cha sauti, zitumie.

Jambo moja linawachanganya wanaopiga alto. Kamasi anapiga tenori, ala ya si bemoli: akipiga do, piano inasikia si bemoli. Alto ni ya mi bemoli. Kwa hiyo palipoandikwa do kwa tenori, wewe wa alto piga sol, na kila nota nyingine uihamishe hivyohivyo, kwinti moja (nota ya tano) juu, au kwarta moja (nota ya nne) chini ikiwa juu kunakushinda. Re inakuwa la, fa inakuwa do. Tarumbeta za fanfari nyingi ni za si bemoli kama tenori, kwa hiyo mwenye tarumbeta asome karatasi ileile bila kubadilisha kitu. Mkiwa na tenori moja, alto mbili na tarumbeta moja, mnatosha kuanza na kile kipande cha kwanza cha Harmony of Difference: besi yake apewe mwenye tuba, na wimbo wenyewe uende polepole kuliko mnavyotaka.